Maziwa Niliyompa Paka wa Mjane

Watu wa kwetu Kaisho wakiniuliza habari za mji ule wa ugenini, huwaeleza kuta za mawe, kengele za asubuhi, na vichochoro visivyopitisha gari. Namshukuru Mungu aliyenipa mwaka mzima pale, nikiwafundisha Kiswahili vijana wa kanisa waliojiandaa kuja kutumika Kagera. Habari za paka huziruka. Leo naziandika, kwa kuwa nimezikwepa vya kutosha.

Paka wa mji ule hawana mwenyewe. Hulala madirishani, juu ya viti vya mikahawa, hata mlangoni pa kanisa, na hakuna anayewafukuza. Kwetu paka ana kazi: akae ghalani, alinde maharage yasiliwe na panya. Wale walikaa tu. Nilipomsimulia mke wangu kwa simu, alicheka.

"Kwa hiyo, mzee, ng'ombe umeniachia mimi, wewe umekwenda kuchunga paka?"

Hakukosea sana. Katika nyumba niliyopanga, chini yangu aliishi mjane wa umri wangu, ambaye kila asubuhi aliwalisha paka wa ngazi zetu. Tulizungumza Kiingereza cha kuungaunga, chake kibovu kuliko changu kidogo tu. Mmoja wa paka hao, mtoto wa kijivu, alimwokota akiwa hajafungua macho, akamlea ndani kwa maziwa maalumu ya dukani, tone kwa tone, mpaka akaanza kutafuna.

Mjane alipolazwa hospitali wiki tatu kwa upasuaji wa nyonga, aliniachia ufunguo, mfuko wa chakula kikavu na karatasi. Chakula kikombe kimoja asubuhi. Maji safi. Maziwa ya ng'ombe hapana. Hilo la mwisho alilipigia mstari mara mbili.

Nilisoma, nikamwona bahili. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Nyumbani kwetu mgeni akifika na maziwa yapo, kumpa maji ni kumwambia aondoke. Mama yangu alimpa maziwa hata kichaa aliyepita njiani. Nami niwape viumbe wa Mungu vidonge vikavu na maji, kana kwamba wamefungwa jela? Nikanunua maziwa, nikayapasha moto kidogo, nikawamiminia. Wakubwa walilamba wakaenda zao. Yule mdogo alikunywa mpaka tumbo likawa kama ngoma, nami nikajiona mwema.

Kesho yake akaanza kuhara. Nikadhani amedhoofika kwa kukosa maziwa siku zote, nikamwongezea. Siku ya nne asubuhi nilimkuta amekakamaa kwenye kikapu chake. Mji ule ni mawe matupu, sikujua pa kuchimba. Nikamfunga kwenye mfuko wa plastiki, nikamtia kwenye pipa la takataka chini ya ngazi, kisha nikaenda kufundisha.

Mjane alirudi akitembelea fimbo. Nilikutana naye mlangoni kwake, natoka ibadani, Biblia ikiwa kwapani.

"Mwalimu, paka wangu mdogo yuko wapi?"

"Sijamwona, mama. Labda amehama. Paka hutembea."

"Huyo? Hata kushuka ngazi hajui."

Nilipanda kwangu nikafunga mlango.

Asubuhi iliyofuata nilisikia fimbo ikigonga mawe. Alikuwa anashuka zile ngazi kumtafuta, akiita, akiinama kwenye kila pembe, na daktari alikuwa amemkataza ngazi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu aliteleza, akadaka ukuta, akakaa chini akitweta. Mimi nilikuwa dirishani. Nilijua vizuri kitakachompata akiangukia nyonga ile. Nilikuwa nimelijua hilo tangu siku ya kwanza, na siku zote hizo nilikuwa nikiilinda aibu yangu, si yeye.

Nikashuka, nikakaa kando yake.

"Mama, usimtafute tena. Amekufa. Nilimpa maziwa."

"Nilikuandikia."

"Uliniandikia."

"Na kusoma unajua. Kazi yako ni kufundisha watu."

"Ndiyo, mama."

"Umemzika wapi?"

Nilipomwambia, aligeuza uso. Nikaomba radhi kwa Kiingereza, nikaona haitoshi, nikaomba kwa Kinyambo, lugha ya kwetu asiyojua hata neno lake moja. Halafu, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kufanya maneno yanapoisha, nikamwambia tuombe.

"Usiombe sasa," alisema. "Siku tatu ulikuwa na nafasi ya kuomba. Nipe mkono, nipande."

Nikampa mkono. Alipumzika kila baada ya vidato viwili, wala hakuniegemea zaidi ya alivyolazimika.