Baba Mkubwa Amtambua Binisha

Kwa miaka tisa huko Kuwait, Khinumaya Tamang hakuwa na jina. Tajiri yake alimwita "Nepali" kwa nchi aliyotoka, watoto aliowaogesha walimwita "Nepali", hata kasuku wa nyumba ile alijifunza kuita hivyo. Sasa amerudi kwao Sindhupalchok, na karani wa ofisi ya kata anamwuliza bila kuinua macho, "Wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa, bwana. Naomba barua ya binti yangu apate uraia. Mtihani wa uuguzi ni wiki ijayo, bila uraia hawampokei."

"Baba yake?"

"Alikwenda Malaysia. Mwaka wa saba huu, hata salamu hakuna."

"Basi aje mwanamume wa ukoo wa baba amtambue."

"Mimi niliyemzaa sitoshi?"

"Mama, kuzaa ni kuzaa. Kutambua ni kazi nyingine."

Adhuhuri akafika shemeji aliyetumiwa ujumbe, Dambar, kaka mkubwa wa mumewe, kofia upande, kifua mbele kama aliyeitwa kuamua vita. Mara ya mwisho alipomwona Binisha, mtoto alikuwa ananyonya. Leo Binisha alikuwa kwenye foleni pamoja na wasichana wengine wanne.

"Haya, baba mkubwa," karani akasema. "Mtoto wenu yupi?"

Dambar hakusita. Alimshika bega msichana wa mbele. "Huyu! Damu haijifichi. Tazama pua hiyo, pua ya marehemu baba yetu!"

"Niache, mzee! Mimi wa akina Shrestha."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Khinumaya hakucheka, maana karani alikuwa amekwisha kufunga faili.

"Mzee mwenyewe hamjui. Niandike nini?"

Khinumaya alimvuta bintiye mpaka mezani. "Shemeji, huyu ndiye Binisha. Ana miaka kumi na minane. Haya, sema."

Dambar akakohoa, akamgeukia karani. "Huyu ndiye Binisha. Ana miaka kumi na minane. Sisi tunamjua vizuri sana."

"Hayo ndiyo maneno," karani akasema, akagonga muhuri.

Nje, Dambar alitaka chai, maana kazi ilikuwa imemchosha. Binisha aliisoma barua mara mbili.

"Mama, yupo baba, yupo babu, yupo baba mkubwa. Wewe humu hupo."

"Ikunje isilowe, mvua hiyo," Khinumaya akamwambia. "Uraia wanatoa wilayani, na basi linaondoka saa nane. Shemeji, chai utajinunulia."