Waandishi Niliowaoza Mwenyewe

Wasomaji, nichekeni kwa kiasi. Nauza vitabu Malindi, na kazi naipenda. Vingi ni riwaya za safari za angani zinazoachwa hotelini na watalii. Nazipanga kwa jina lililo kubwa zaidi jaladani: Orla Venn rafu hii, Tam Kessar rafu ile. Kuzisoma, sijasoma hata moja.

Juzi nikapata riwaya yenye majina yote mawili. Kwa furaha nikabandika karatasi dirishani: “Orla Venn na Tam Kessar wameoana! Kitabu chao cha kwanza pamoja!”

Akaingia Mwalimu Rukia wa Ganda, mteja anayezisoma zote.

“Shikamoo, Mwalimu. Umeiona arusi?”

“Marahaba. Nani kakwambia wameoana?”

“Ulaya nzima inajua,” nikajibu kwa maringo ya mjomba wa bibi arusi.

Akanionyesha herufi ndogo chini ya jalada. “Mwandishi ni huyu. Hayo makubwa ni majina ya mifululizo ya hadithi, na hapa mchapishaji kaunganisha miwili ili wasomaji wa pande zote wanunue. Orla Venn ni chombo cha angani.”

“Na Tam Kessar?” nikauliza kwa sauti ndogo.

“Sayari, mwanangu. Hiyo arusi yako ni chombo kimetua.”