Paskalina Hakuwemo kwenye Ajenda

Kila nikifungua kopo la siagi, harufu yake ya chumvi hunirudisha kijijini kwetu Gitting, nami hukasirika kabla sijapaka mkate. Dada yangu Paskalina ndiye aliyekuwa akitutumia siagi kutoka Nairobi, alikoajiriwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kuunganisha simu. Mama aliificha juu ya kabati, tukawa tunalambishwa siku za sikukuu tu, kama dawa.

Ndipo yakaja maneno ya nchi zetu tatu kuachana. Redio ilisema kutwa, na kijiji chetu cha Ujamaa, ambacho hakikuwa hata na trekta zima, kikaitisha mkutano kujadili ndege na treni za Jumuiya zigawanywe vipi. Jamani, wazee wale walibishana! Mmoja aling'ang'ania meli za ziwani, na hata kuogelea hakujua.

Mama akasimama.

"Shikamooni wazee. Mimi nauliza, Paskalina wangu anakwenda upande gani?"

"Mama Paskalina, hilo halimo kwenye ajenda," mwenyekiti akajibu. "Hapa tunagawana mali."

"Lakini nyie mkivunja ushirika wa ng'ombe, si kila mnyama anarudi kwanza zizini kwao, ndio mnaanza kugombana? Basi wangu arudi kwanza."

Kweli, kwetu ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki hurudishwa kabla ya neno lolote. Lakini watu waliangua kicheko: mama kamfananisha mtumishi wa Jumuiya na ng'ombe! Nami, binti wa miaka kumi, nilicheka kuliko wote, ili wenzangu wasidhani niko upande wake. Alinitazama, akaketi.

Wanaotaka tuachane walipoambiwa wanyooshe mikono, mkono wa mama ulikuwa wa kwanza. Alidhani kuachana ni kurudishiana.

Mpaka wa Kenya ukafungwa, Paskalina akiwa ng'ambo. Wakubwa waliendelea miaka na miaka kujadili ndege na treni. Barua zake zikawa adimu, kisha zikakoma. Mpaka ulipofunguliwa alikuja na kopo la siagi mkononi, nikampeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la mama.

Utotoni niliamini mama hakuelewa siasa. Leo naona katika mkutano ule mzima ni yeye tu aliyeuliza habari za watu, na hasira yangu haiishi. Nilizoea kumlaumu mwenyekiti. Lakini mwenyekiti hakumnyamazisha mama. Alinyamaza aliponisikia mimi nikicheka.