Unga wa Saskatoon

Siku hizi mtu akisema mbele ya mume wangu kwamba mji wetu wa Saskatoon umejaa watu na nyumba hazipatikani, yeye hukaa sawasawa kwenye kochi na kusema, "Mimi niliona mapema." Mimi huinuka na kwenda jikoni, maana nikibaki nitasema. Alichokiona mapema nakijua. Nilikuwepo.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Silver Spring, Maryland, nje kidogo ya Washington, kwenye ghorofa ambalo lifti yake ilinuka vitunguu vya kila taifa. Mume wangu alifanya kazi Sterling, ndani ya moja ya yale majengo yasiyo na madirisha yaliyojaa kompyuta. Alipoanza kazi kule, ng'ambo ya barabara kulikuwa na ng'ombe. Mwenzake mmoja akamshauri: nunua nyumba hapa, huu mji utakua. Mume wangu akacheka. "Mji gani, huu wa ng'ombe?" Kufumba na kufumbua, ng'ombe hawapo, zimesimama nyumba na shule na foleni ya magari mpaka uwanja wa ndege, na bei haishikiki. Majuto ni mjukuu. Tangu hapo akawa mtu wa kubashiri miji. Tukipita mahali pana greda limeegeshwa, atapunguza mwendo, atatazama, ataguna. Binti yetu, anayeelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alikuwa akimwomba aendeshe gari tu, jamani.

Basi Kanada, tulikoomba kuhamia, wakatukubalia. Nilipiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta. Lakini kibali kilikuja na tarehe: tuwe tumeingia kabla vipimo vyetu vya afya havijapitwa na wakati, la sivyo kinakufa. Mji gani, hawakusema. Chagueni wenyewe.

Na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea uuguzi. Miaka yote ile Maryland nilikuwa naogesha wazee wa watu, nawageuza, nawalisha, halafu anakuja muuguzi, binti mdogo, ananielekeza namna ya kushika kijiko. Nilikuwa nakaribia arobaini. Nilikuwa nimesubiri nafasi ile mpaka nikaanza kuiota. Kibali chetu cha Marekani kilikuwa bado na muda wa kutosha nisome nimalize, ingawa hakuna aliyetuahidi kitakachofuata baada ya hapo. Nikamwambia mume wangu kinagaubaga: nitaiacha nafasi yangu kama tu unanipeleka mji unaokua, wenye hospitali zinazotafuta watu, niende nikasome huko. Mji uliolala, sitoki hapa. Akakubali. Akaweka na mkono kifuani.

Hapo ndipo sebule yangu ilipogeuka ofisi. Kila Jumapili baada ya ibada walikuja wanaume wa kanisani, kila mmoja na kibali chake au na ndoto ya kibali. Wanakula pilau yangu, wanashindanisha miji ya Kanada, Saskatoon, Regina na Winnipeg, utadhani ni timu za mpira. Mji upi utaupita mwingine, baada ya miaka mingapi. Kiongozi wao alikuwa Mkenya wa ghorofa ya chini, dereva wa basi la shule, mtu wa maneno. "Shemeji," aliniambia, "takwimu za serikali ni za jana. Unga ni wa leo."

Ndivyo walivyofanya. Sisi tukitaka kujua mahali pana watu wetu kiasi gani, hatuulizi manispaa, tunauliza kama unga wa ugali unapatikana. Watu wakiongezeka, unga unaongezeka. Wakatafuta simu za maduka ya Waafrika katika kila mji, wakawa wanapiga na kujifanya wateja. Una sembe? Una dagaa? Mzigo mwingine unaingia lini? Winnipeg walikuwa na kila kitu, tena kwa wingi, kwa hiyo ikafutwa: umeshakua huo, tumechelewa, kama Sterling. Kule Regina mwenye duka alikuwa mkali, akasema nunua au kata simu. Mume wangu akatangaza kwamba Regina imekwama.

Ikabaki Saskatoon. Kule duka lilikuwa la mama mmoja wa Kikongo, mwenye sauti ya uji wa moto. Mara ya kwanza alisema hana unga, hakuna anayeuliza. Baadaye akasema ameagiza kidogo. Baadaye mifuko imejaa mpaka dirishani. Kila Jumapili habari ilikuwa nzuri kuliko ya Jumapili iliyopita, na mume wangu alikuwa anatembea sebuleni kutoka ukuta hadi ukuta, anapiga makofi. "Unaona? Unaona lakini? Huu mji unapaa!" Siku waliposikia kwamba mama amekodi chumba cha pili, yule dereva alisimama juu ya zulia langu na viatu vyake akacheza.

Mimi nilikuwa situlii. Nafungasha sanduku, nafungua. Nafika kituo cha treni nakumbuka sikufunga mlango, narudi, umefungwa. Chuo kikanipigia: unakuja au hauji, kuna watu wanangoja nafasi hii. Nilimtazama mume wangu. Akasema, "Mke wangu, chumba cha pili!" Mama yangu alinilea na msemo mmoja, usiache mbachao kwa msala upitao, na nilikuwa naujua hata nikiwa usingizini. Nikawapigia chuo, nikasema siji. Nikakaa kwenye sakafu ya bafu nikalia.

Wiki iliyofuata nikampigia yule mama mwenyewe. Sikuuliza unga. Nilitaka kujua hospitali iko wapi, wauguzi wanasomea wapi. Nikamwambia napiga kutoka upande wa Washington.

Akashangilia. "Washington! Eh, mama! Beye kila siku banapiga simu, batu ba Washington! Banaume, banaume, kila siku: unga, dagaa, unga, dagaa. Nilisema, Mungu wangu, batu bengi banakuya huku. Njo maana nilikamata chumba ya pili. Munakuya siku gani, mama?"

Nikakaa chini. Nikamuuliza taratibu, watu wa pale pale mjini, wao wananunua unga? Akasema wapo familia chache, kanisa moja, wazuri sana. "Lakini nyiye munakuya."

Kwa hiyo mji uliokuwa unapaa ni sisi. Tulikuwa tunapiga simu, yeye anaagiza unga kwa sababu tumepiga, sisi tunahesabu unga ule tunasema mji unakua. Nilitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine kabisa. Nilitaka kumwambia ukweli, akawa ananielekeza kwa furaha barabara ya kwenda hospitali, nikashindwa.

Jumapili niliwasubiri wale wanaume, sikupika. Nikawaambia yote. Halafu nikauliza, haya, kwenda Saskatoon hii yenu, nani anaondoka na lini? Mmoja akasema anangoja dereva atangulie. Dereva akasema, "Aah, shemeji, mimi nilikuwa nawangoja nyinyi." Mwingine akakohoa. Mume wangu, yule aliyeniapia mkono kifuani, akasema labda tusubiri kidogo tuone mambo yanavyokwenda.

Nilimpandishia sauti mpaka binti akatoka chumbani. Tusubiri nini? Nafasi yangu ameshapewa mtu mwingine! Tarehe ya vipimo inakuja! Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwangu limeshaumia vya kutosha! Nikamwambia mimi nakwenda hiyo hiyo Saskatoon, hospitali yake nimeshaelekezwa, na kama anataka kubashiri, abashiri kama nitarudi. Nikaingia chumbani nikaanza kufungasha, na safari hii sikufungua sanduku. Baadaye kidogo nikamsikia anashusha masanduku mengine kabatini.

Tulifika Saskatoon kwenye baridi ya kukata masikio. Sehemu ya kwanza tuliyokwenda ilikuwa dukani kwa yule mama, maana hatukuwa tunamjua mtu mwingine. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alinikumbatia, akamkumbatia mume wangu, akamfuta binti yangu theluji nyusini, halafu akatushika mikono akatupeleka chumba cha pili. Unga ulikuwa umepangwa kutoka sakafuni hadi darini, kuta tatu, na katikati pamebaki njia ya mtu mmoja kupita. Alikuwa amekipaka rangi upya.

Kisha akarudi mlangoni, akaufungua, akachungulia barabarani, kulia na kushoto. Baridi ikaingia.

"Na bengine?" akaniuliza. "Bengine beko wapi?"

Mume wangu akageuka kutazama unga.

"Hakuna wengine, mama," nikamwambia. "Funga mlango. Ni sisi tu."