Siku Kaka Marwa Alipompisha Mkwe

Uwanja wa mpira wa kikapu tuliokuwa nao Mwisenge, pale Musoma, ulinuka furu, vile visamaki vidogo vya ziwani. Wanawake waliwaanika upande wa ziwani, na upepo wa jioni ulipoanza, harufu ile ilikuja mpaka chini ya goli ikakaa nasi hadi mwisho wa mchezo. Hakuna aliyejali. Ilikuwa miaka ile ya dhiki, uji tunakunywa bila sukari, sare tunafulia majani ya mpapai, na ukiingia dukani unakutana na rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo. Lakini timu tulikuwa nayo, tena timu kweli. Kiwanda cha nguo kiliwaajiri vijana warefu, asubuhi wanashika mashine, alasiri wanashika mpira. Kaka yangu Marwa alikuwa mmoja wao, na kazi yake uwanjani ilikuwa moja tu, kukaba. Mtu akikabwa na Marwa alikuwa anatafuta goli kama anayetafuta sindano kwenye nyasi. Mimi, msichana wa miaka kumi hivi mwenye mdomo mrefu kuliko mikono, nilitembea mtaani kana kwamba mkabaji ni mimi.

Mwaka huo tukabakiza mchezo mmoja, dhidi ya timu ya kiwanda cha Mwanza. Atakayeshinda anakwenda Dar es Salaam kwenye fainali. Kaka alikuwa hajawahi kuvuka Mwanza. Wiki nzima alizungumzia Dar, maghorofa yake na uwanja wenye taa, mpaka mama akamwambia ale kwanza ugali ndipo asafiri. Kocha wetu Sudi, mtoto wa mjini ambaye wazee wake walitoka Tanga, alipanga tukabe mtu kwa mtu. Mfungaji wao hatari, jitu moja liitwalo Mugaya, akapewa Marwa. Nikajua tumemaliza. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, nami nikawaamini, shauri yangu.

Mpira ukarushwa, Mugaya akaupata, akamgeukia kaka, na kaka akarudi nyuma. Si hatua ya mkabaji, hatua ya mtu anayempisha mgeni mlangoni. Mugaya akafunga. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu nilimsikia kwa masikio yangu, maana nilikaa kwenye mstari, Mugaya akisema kwa upole, "Mkwe, nipishe." Na kaka akapisha! Nilipandwa na hasira nikasimama nikapiga kelele, "Msukume!" Mama akanifinya paja nikakaa.

"Unataka kaka yako amsukume mkwe mbele za watu?" akaninong'oneza. Ndipo nikaelewa. Kaka alikuwa ameposa binti wa Butiama, Nyangeta, na Mugaya alikuwa mdogo wa baba yake Nyangeta, amehamia Mwanza kwa kazi. Kwetu baba mkwe ni baba mkwe, hata kama ni mdogo wa baba, hata kama amevaa kaptula. Humgusi, humpigi kiwiko, na ukikutana naye njiani unampa njia. Ng'ombe wa mahari walikuwa bado hawajatoka zizini kwetu, na nusu ya ukoo wa binti ilikuwa imeketi upande wa pili wa uwanja ikitazama.

Wakati wa mapumziko kocha alitoa macho. "Marwa, una nini wewe? Mguse yule!"

"Mkwe hasukumwagi, kocha," kaka akajibu, ameinamisha kichwa.

Wazee waliokuwa karibu wakaitikia kwamba kijana amesema kweli, heshima si utumwa. Sudi akawatazama mmoja mmoja, akaona hana mtetezi. Akampa Mugaya mkabaji mwingine, fundi mfupi mwenye moyo wa simba, ambaye alirukaruka mbele ya lile jitu akiishia kumfikia kifuani. Tukapigana, tukawakaribia, tukapoteza kwa kikapu kimoja. Nililia mpaka kamasi. Mugaya alikuja kwetu jioni, akala sato kwa ugali, akamsifu kaka kwa adabu yake, na mimi nikamwekea maji ya kunawa nimenuna. Tangu siku hiyo Sudi hakupanga wakabaji bila kuuliza kwanza, "Nani ana mkwe pale?" Uwanja mzima ulicheka, na yeye pia.

Siku hizi maduka yamejaa, sabuni unachagua harufu, na mabasi ya Dar yanaondoka Musoma kila alfajiri. Kiwanda kilinyamaza zamani, timu ikafa nacho. Vijana wanasukumana na wakwe zao uwanjani kisha wanapiga picha wamekumbatiana, na sioni dunia ikianguka. Lakini kaka hakuwahi kufika Dar. Kwanza mashamba, kisha watoto, kisha magoti. Mwaka jana, tumekaa nyumbani kwake, wifi Nyangeta akituchagulia mchele, nikamchokoza kaka kama kawaida yangu. Nikamwambia angemsukuma kidogo tu, angeiona Dar.

Akanitazama kwa huruma, kama bado nina miaka kumi. "Dar ningekwenda, nikarudi," akasema. "Butiama ningerudi kwa uso gani?"

Wifi hakuinua kichwa kwenye ungo, ila alikuwa anatabasamu. Nami nikasogea kwenye ungo, nikamsaidia kuchagua mchele.