Rivka Aitwa Longisa

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya tisini, nilikaripiwa kabla ya chai ya saa nne. Mwajiri wangu, Profesa, alikuwa mwanahistoria Myahudi aliyekuja Bomet kurekodi wazee. Kazi yangu ilikuwa kunakili, yaani kusikiliza kanda na kuandika kila neno.

"Hapa mzee amenyamaza. Mbona hujaandika?"

"Sasa kunyamaza kunaandikwaje, Profesa?"

"Andika: amenyamaza."

Nilinuna hadi jioni. Nyinyi wa simu hamjui taabu ile, kurudisha kanda nyuma mpaka masikio yanawaka.

Tulizunguka Sotik, tukaenda Kabianga. Njiani alinisimulia kidogo kidogo: Wanazi waliwaua watu wake wote, naye, akiwa mtoto, akafichwa na jirani ghalani. Dadake mdogo, Rivka, alichukuliwa. Hakubaki hata na picha yake.

Siku moja mke wa shemeji yangu alijifungua msichana, kule Longisa, na Profesa akaomba kuja. Kwetu Wakipsigis, wanawake huita marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Mtoto akipiga chafya, aliyeitwa ndiye amerudi. Wanaume hukaa nje. Nikiwa mlangoni naingia na wanawake wenzangu, Profesa akanishika mkono.

"Na ambaye ukoo wake umekwisha, huitwa na nani? Mwombe mama mkwe wako amwite Rivka."

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kubembelezwa. "Huyo si wetu," alisema. Halafu akauliza, "Alikuwa mkubwa?"

"Hapana, Mama. Alikuwa bado ananyonya."

Alishusha pumzi. Akaita Rivka, akarudia, akarudia tena. Mtoto alipiga miayo tu. Lilipoitwa jina la nyanya ya mume wangu, chafya ikatoka na vigelegele vikapigwa.

Nilitoka nimejaa huzuni. "Pole, Profesa. Hakuja."

Alikuwa amesimama dirishani, mashavu yamelowa. "Nimesikia," alisema. "Tangu vita, hakuna aliyemwita ila mimi."

Sasa nimestaafu, na Profesa alishafariki kwao bila mtoto. Namkumbuka, jamani, mpaka kifua kinauma. Hata ukali wake naukosa. Siku hizi mimi ndiye mzee wa kuita majina. Akizaliwa msichana, naanza na Rivka. Akizaliwa mvulana, naanza na Profesa, kwa jina lake la utotoni. Wakaza wana wangu huniuliza hao ni nani. Nawaambia wangoje kwanza, mtoto asije akapiga chafya tukiongea.