Masizi ya Milton

Mdogo wangu Milton Kubena anapenda kurekebisha mambo, ila huanza na yale yasiyoharibika. Kwa wiki tatu nguruwe pori walipanda kutoka kijitoni kila alfajiri na kufukua karanga zetu, safu baada ya safu. Kila alfajiri Milton alitoka na bunduki yake ya nusu otomatiki, akapiga risasi moja, na bunduki ikakwama. Ganda la risasi lilinasa ndani. Nguruwe walishtuka kidogo, kisha wakarudi mezani.

Haukuwa mchezo. Mwaka uliotangulia tulivuna makapi, na Milton akamwahidi Bwana Prentiss, mnunuzi wa mashamba kutoka mji wa Fort Worth, kwamba karanga zikishindwa tena atamuuzia ardhi yote, pamoja na nyumba nilimozaliwa na ninamolala hadi leo. Prentiss akaacha mkataba kwenye meza ya jikoni, na juu yake kalamu nene ya chuma. Kila nilipomimina kahawa niliiona, na kahawa ikanichachia.

Risasi zenyewe zilikuwa za ganda la chuma, makasha mazima, kwa kuwa ni za bei rahisi. Nilimwambia ajaribu za ganda la shaba. Akajibu kwamba bunduki ya maana haichagui chakula. Basi matengenezo yakaanza. Akabadilisha springi. Akabadilisha kile kikucha kidogo kinachochomoa ganda. Akaagiza magazini mpya ya kuwekea risasi. Akatazama video za wanaume wenye ndevu huku maharage yangu yakipoa. Kila kifaa kilipofika alitangaza kwamba sasa mambo yamekwisha, na kesho yake nikasikia mlio mmoja, kimya, kisha Milton akitukana na kugonga kitako cha bunduki chini ili ganda litoke. Nilichoka hadi nikawaonea nguruwe wivu, maana wao hawakusimuliwa habari za springi.

Nilimuuliza kama anaisafisha.

"Dada, nasafisha kila Jumapili, kama Baba alivyonionyesha. Leo unataka kunifundisha bunduki?"

Kweli alisafisha. Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, nilikaa nikamtazama. Alipitisha brashi ya marehemu baba mtutuni mara kumi na mbili, taratibu, kama anasali. Brashi iliukwaruza mtutu wote, lakini ilipofika kwenye chemba, pale risasi inapokaa, ilipita bila kugusa ukuta, kwa sababu chemba ni pana kuliko mtutu. Baba hakupata shida, maana alitumia ganda la shaba, ambalo hutanuka likaziba chemba vizuri. La chuma ni gumu, halizibi sawasawa, moshi unarudi nyuma, masizi yanaganda ukutani na ganda linanasa humo. Sijui ni ya miaka mingapi. Wiki tatu nzima, na mtu huyu hajawahi kuchungulia humo ndani!

Nilihakikisha bunduki haina risasi, nikachukua kitu kilichokuwa karibu, ile kalamu ya Prentiss, nikaizungushia kitambaa, nikaichovya kwenye dawa ya kusafishia na kuisokotasokota ndani ya chemba. Kitambaa kikatoka cheusi kama tako la sufuria. Nikafunga kingine.

"Hiyo kalamu ya watu," Milton akasema.

"Nyamaza, nimulikie."

Alfajiri nilisikia milio minane mfululizo. Nguruwe wanne walilala, kundi lililobaki likavuka kijito na halikurudi. Milton akaingia jikoni anacheka, akasema springi mpya ndiyo kwanza imezoea. Nilibamiza kikombe mezani.

Tulivuna karanga zilizosalia. Hazikuwa nyingi, lakini zilitosha tusiuze ardhi. Prentiss hakuwa amesikia, au alijifanya hajasikia. Alikuja na kofia yake safi, akaketi, akaufungua mkataba na kuiulizia kalamu yake. Milton alinyanyuka bila haraka, akaenda kwenye sanduku la vifaa vya bunduki, akarudi nayo ikiwa nyeusi tii, kitambaa bado kimeizunguka.

"Hii haiandiki tena, bwana," akasema. "Dada yangu anasafishia bunduki." Akanitazama mara moja tu, kisha akairudisha sandukuni. "Na bado anaihitaji."